Ukipewa Kumzungumzia Mzee Mcheshi Msibani

Juzi nimepata ujumbe wa mdogo wangu mmoja wa Songea. Babu yake amefariki, na ukoo umemchagua yeye asome wasifu wa marehemu kwa sababu ndiye mwenye sauti isiyotetemeka. Baba mkubwa amekwisha kumpa karatasi iliyochapwa: tarehe ya kuzaliwa, shule, vyeo alivyoshika kijijini, maradhi yaliyomsumbua, idadi ya wajukuu na vitukuu. "Lakini dada," ameniandikia, "babu alikuwa mtu wa vichekesho. Hakuna aliyekaa naye asicheke. Nimeisoma karatasi yote, babu simwoni."

Tumeongea kwa simu na nimemwambia la kufanya. Naandika na hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila mmoja wetu anatamani siku ikifika asimame mbele ya watu, amtaje mzee wake, na watu watikise vichwa waseme naam, huyo ndiye. Mimi nimefanya hivyo, tena ugenini, kwa mzee asiye wa damu yangu, na watu walicheka huku machozi yanawatoka. Sitajificha, najivunia siku ile hadi leo.

Mzee mwenyewe alikuwa Mslovenia. Familia yake imeniruhusu niandike habari zake, jina nimeliacha. Nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee majumbani huko Euclid, Ohio, Marekani, mji uliopakana na Cleveland kando ya Ziwa Erie. Asiyejua Cleveland hudhani ni mji wa viwanda tu. Waslovenia walianza kumiminika pale mwishoni mwa karne ya 19 kufuata kazi za chuma na nyaya, wakajaa mtaa wa St. Clair hadi ukawa kama kipande cha kwao. Parokia yao ya Mtakatifu Vitus ilianzishwa 1893. Ukumbi wao mkubwa wa taifa ulifunguliwa 1924 na bado upo. Mtoto wao mmoja, Frank Lausche, alikuwa meya wa Cleveland, akawa gavana wa Ohio, akaishia kuwa seneta Washington. Slovenia yenyewe ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. "Sisi ni milioni mbili tu," mzee huyo, niliyemwita babu, alipenda kusema. "Mungu akitaka kutuhesabu anamaliza kabla chai yake haijapoa."

Kampuni iliyoniajiri ilinipa anwani na orodha ya dawa, ikanionya kwamba mzee ni mgumu na kwamba wasaidizi waliotangulia hawakudumu. Nilipoingia nilimkuta jikoni, kofia ya kijani kichwani ndani ya nyumba, fimbo ameilaza mezani. Hata jina hakuniuliza. Alichouliza ni kama najua kuoka potica. Potica ni mkate wao wa sikukuu: unga unasukumwa mwembamba sana, unapakwa njugu zilizosagwa na asali, unakunjwa, unaokwa. Nikamwambia sijui. "Afadhali," akasema. "Binti yangu anajua, ndiyo maana nahitaji mtu wa kuniuguza." Binti mwenyewe, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amesimama palepale, akacheka hadi akashika meza.

Mimi nilimwamkia shikamoo bila kufikiri, kwa sababu mzee ni mzee popote alipo. Akataka kujua nimesema nini. Nilipomweleza kwamba mdogo akimwona mkubwa huamkia hivyo na mkubwa huitika marahaba, alifurahi kupita kiasi. Tangu wiki ile hakuna aliyevuka kizingiti cha nyumba ile bila kudaiwa shikamoo: fundi bomba, kijana wa dawa, majirani, watoto wake mwenyewe. Padri alipokuja kumletea komunyo naye alidaiwa. Akasema kwa utaratibu, "Baba, mimi nina miaka sabini." Babu akamjibu, "Kanisani wewe ni baba yangu. Hapa jikoni wewe ni mtoto." Padri akaamkia. Marahaba ya siku ile ilisikika hadi nje.

Kwetu ni Tabora, na kilichotuunganisha mimi na babu ni nyuki. Mtoto wa Kinyamwezi hukua akiona mizinga ya magome imening'inia juu ya miti ya miombo, na asali haikauki nyumbani. Babu alizaliwa Gorenjska, upande wa milima wa Slovenia karibu na Radovljica, na baba yake alifuga nyuki. Kule mizinga ni masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine ndani ya kibanda, na ubao wa mbele wa kila mzinga huchorwa rangi ili nyuki na mwenye nyuki waujue. Ubao wa zamani zaidi unaojulikana ni wa 1758. Wachoraji walianza na watakatifu, baadaye wakahamia kwenye vichekesho. Kuna ubao wa shetani ananoa ulimi wa mwanamke kwenye jiwe la kunolea. Kuna wa vikongwe wanapelekwa kwenye kinu na kutoka upande wa pili wakiwa wasichana. Na kuna ule ambao babu alikuwa na nakala yake juu ya kitanda: mazishi ya mwindaji. Mwindaji amekufa, na wanyama wa msituni ndio wanaompeleka kaburini kwa maandamano, wamejipanga kwa heshima zote, na furaha wanashindwa kuificha.

Nilipouona mara ya kwanza nilishtuka. Picha ya jeneza juu ya kitanda cha mgonjwa! Akaniita nisogee. "Angalia uso wa sungura," akasema. "Siku yangu ikifika nataka kila mtu awe na uso huo."

Maneno hayo niliyachukua kama mzaha. Ilikuwa wasia.

Mama yangu alinitumia chupa ya asali ya Tabora kwa mkono wa mtu, nikampelekea babu. Akailamba taratibu, macho amefumba, kwa uzito wa hakimu. Kisha: "Nzuri sana. Sasa niambie, mliwaiba lini nyuki wetu?" Nikamjibu kwamba nyuki wa kwetu hawaibiki, anayejaribu hurudi kwao akiwa na uso mwingine. Na ni kweli. Nyuki wa kwao, nyuki wa Carniola, wanasifika duniani kwa upole, mtu huwashika bila glavu. Wa kwetu si wa kuchezewa. Akaniambia hata Siku ya Nyuki Duniani, tarehe 20 Mei, ni kazi ya Slovenia. Wao ndio walioipeleka Umoja wa Mataifa ikapitishwa 2017, na tarehe hiyo imechaguliwa kumuenzi Anton Janša, mfugaji nyuki wao wa karne ya 18 aliyefundisha Vienna. Nikamwambia basi tangu leo wewe ni mtani wangu.

Hapo ndipo nilipomweleza utani. Nilimsimulia jinsi Wanyamwezi na Wazaramo walivyotaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, jinsi mtani anavyoweza kukuchukulia kuku wako na usimshitaki popote. Halafu nikamweleza la msibani: kwamba mtani huvaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake na sauti yake mbele ya wafiwa, kwamba anaweza kuzuia kaburi mpaka alipwe, na kwamba waliokuwa wanalia hujikuta wanacheka wakiwa bado wanalia. Babu alinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akavua kofia ya kijani akanipa niipime. "Utavaa hii," akasema. "Ila usiinamishe mgongo kupita kiasi. Mimi bado mrefu."

Msidhani alikuwa mtu aliyelelewa kwa raha ndiyo maana akawa mcheshi. Mei 1945, akiwa kijana wa miaka 16, alivuka milima na maelfu ya wenzake wakiwakimbia wapiganaji wa Kikomunisti wa Tito waliokuwa wanashika Yugoslavia, ambayo Slovenia ilikuwa sehemu yake. Walifika Austria, wakalala uwanjani Vetrinj, karibu na Klagenfurt, chini ya ulinzi wa jeshi la Uingereza. Waingereza wakawarudisha Yugoslavia wale waliokuwa wanajeshi, wakiwaambia wanapelekwa Italia. Maelfu waliuawa bila kesi. Kaka yake alikuwa miongoni mwao. Raia nao, kama 6,000 hivi, walikuwa kwenye orodha ya kurudishwa. Daktari mmoja mkimbizi, Valentin Meršol, akawaendea maofisa akawasihi, na raia wakabaki. Daktari huyo baadaye alihamia Cleveland, wakawa watu wa mji mmoja. Ndiyo maana daktari wa kisasa alipomkataza babu divai, babu alimjibu: "Katika maisha yangu nimemsikiliza daktari mmoja tu, yule aliyenizuia nisirudi nyumbani."

Kambi alikaa miaka minne, mpaka sheria ya Marekani ya 1948 ya kupokea wakimbizi wa vita ilipomfungulia njia. Kuhusu kambi alikuwa na kisa kimoja alichokirudia: "Kwenye sufuria kulikuwa na kiazi kimoja. Tulikipa jina. Kikiangukia sahani ya jirani, tulikisalimia." Watu walicheka kila mara. Mimi nilicheka pia, na nikiwa peke yangu kwenye gari nilikuwa napata tabu kuendesha.

Mkewe, aliyemtangulia, alizaliwa palepale St. Clair. Tarehe 20 Oktoba 1944 tangi la gesi la kampuni ya East Ohio Gas lilivuja, gesi ikaingia kwenye mifereji ya chini ya barabara, mtaa ukalipuka. Watu 130 walikufa, na waliopona wengi walipoteza nyumba pamoja na akiba zao, kwa kuwa pesa zao walizificha ndani. Familia ya mkewe ilitoka na nguo za mwilini. "Ndiyo maana mke wangu hakuamini benki wala nyumba," babu alisema. "Aliamini koti lake. Nimelala miaka hamsini na mwanamke anayelala na koti, na mara zote koti lilikuwa na pesa kuliko mimi."

Haya yote ninayo kwa sababu nilikuwa naandika. Nilianza ili nipate cha kumsimulia mama kwenye simu Jumapili, nikaendelea kwa sababu nilipenda. Daftari lilikaa kwenye mkoba wangu. Babu akisema jambo, naandika maneno yake yaleyale, tulikuwa tunakula nini, nani alikuwepo. Hii ndiyo siri kubwa ninayowapa leo, na nitairudia mpaka mnichoke: andika maneno yake, usiandike sifa zake. "Alikuwa mcheshi" haimchekeshi mtu. "Aliamini koti lake" inamrudisha mke na mume wote wawili chumbani.

Babu alikuwa anamwomba Mungu kwa masharti. Jumapili asimchukue kwa sababu kuna misa na baada ya misa kuna kodiani. Ijumaa asimchukue kwa sababu ukumbini kuna samaki wa kukaanga. Akafariki Jumamosi alfajiri, akiwa amekwisha kula samaki wake, miaka 93. Binti yake alinipigia simu, na kabla hajamaliza kulia akaniambia hilo la samaki.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Misa ilikuwa ya Kikatoliki, nami niliifuata hatua kwa hatua ingawa nyimbo zilikuwa za Kislovenia. Mkatoliki wa Tabora hapotei kwenye misa ya wafu. Baada ya mazishi, kwa mila yao, watu wote hurudi kula pamoja. Ukumbini kulikuwa na soseji zao, kabichi iliyochachuliwa, potica na divai. Binti yake alikuwa ameniomba mapema nizungumze. Nikiwa nimeshika sahani, jamaa mmoja wa ukoo wao akasema, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba msaidizi wa kazi hahutubii msiba wa familia. Alisema "msaidizi wa kazi" akiwa ananitazama. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza babu usiku ili mgongo usimchubuke, na namjua babu alivyokuwa akiamka. Yule jamaa hakuwa anajua hata dawa moja aliyokunywa. Nimejaribu kulisahau neno lile na bado lipo.

Binti wa babu hakugombana naye. Alisimama akatangaza kwamba sasa atazungumza mtani wake. Alilitaja hivyohivyo, kwa Kiswahili, akaenda kwenye kiti, akachukua kofia ya kijani na fimbo akaniletea.

Nilivaa. Sikuinamisha mgongo kupita kiasi. Nilitembea kama yeye kutoka mlangoni hadi meza kuu, nikisimama kila meza kudai shikamoo. Meza ya kwanza walishangaa. Meza ya pili padri akainuka akaamkia, na ukumbi mzima ukapasuka. Nikasoma daftari. Nilisoma kiazi, nikasoma koti, nikasoma daktari aliyemsikiliza, nikasoma wezi wa nyuki. Sikuongeza neno la kupamba. Kuna vikongwe pale waliokuwa Vetrinj, na waliposikia habari ya kiazi walishikana mikono wakacheka kwa namna ambayo mimi sina haki ya kuieleza. Mwishoni nikawaambia wasia wa sungura. Mzee mmoja mwenye kodiani ya vifungo, ile wanayoipenda sana watu wa Cleveland, akaanza kupiga bila kuombwa. Mji ule ndiko alikokulia Frankie Yankovic, aliyetawazwa mfalme wa muziki wa polka wa Marekani mwaka 1948, na muziki wake ndio watu hawa walioolea na kuolewa. Mimi nililelewa na taarabu ya Zanzibar redioni, sauti ya kodiani naijua tangu utotoni. Nilipoisikia pale, nikiwa na kofia ya babu kichwani, nilihisi niko nyumbani mara mbili.

Watu waliniomba nakala. Mjukuu wake mmoja aliyechapa maneno yale na kuyagawa kwa ndugu walioko Argentina na Slovenia aliniambia bibi mmoja Ljubljana ameyabandika mlangoni mwa friji.

Na sasa niseme linaloniuma. Babu yangu wa damu alifariki Tabora nikiwa huku. Nilifuatilia maziko kwa simu, binamu yangu ameishika juu. Babu yangu alikuwa mcheshi wa kuogopwa. Mbuzi wake aliwapa majina ya watu wanaomdai, na akichinja mmoja anatangaza kwa majirani kwamba leo deni la fulani limekwisha. Mwenye jina akija kudai anakaribishwa nyama. Mtaa mzima unajua kisa hicho. Siku ya maziko kulikuwa na sare za kitenge, kulikuwa na mshereheshaji, kulikuwa na maturubai na wapiga video. Wasifu ukasomwa: alizaliwa, alisoma, alioa, alitumikia, alisumbuliwa na shinikizo la damu, ameacha watoto na wajukuu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mbuzi hakutajwa hata mmoja. Watani walifika, nao wakaambiwa wasivuruge ratiba kwa kuwa mgeni rasmi ana haraka.

Hapo ndipo ninapogombana na sisi wenyewe. Tumewekeza kwenye kitambaa na tumesahau mtu. Mzee aliyefanya kazi miaka themanini ya kuwachekesha watu, tunamzika kama faili la ofisi. Tunaona haya kucheka mbele ya jeneza, ilhali mababu zetu walikuwa na watu maalumu wa kazi hiyo na waliwalipa. Mgeni rasmi hana haja ya kujua babu yako alisoma hadi darasa la ngapi. Mjukuu wa miaka sita aliyeketi mchangani anahitaji kujua kwamba babu yake alikuwa na mbuzi aitwaye kwa jina la mwenye duka. Mkimnyima hilo leo, kesho atamjua babu yake kwa cheo cha mjumbe wa nyumba kumi.

Kwa hiyo, mdogo wangu na wote mnaosubiri zamu yenu, shikeni haya. Maneno yake yaleyale, nimekwisha kusema. Usikusanye kwa wanaomsifu tu, nenda kwa waliogombana naye, kwa muuza duka, kwa shemeji, kwa jirani wa mpaka, kwa sababu kwao ndiko alikotumia akili yake yote. Kila kisa kiwe na mahali na chakula na mtu mwingine ndani yake. Usimsafishe: kama alipenda pombe ya kienyeji, ibaki ndani ya kisa, watu wanamjua. Taja na maumivu yake, kwa sababu babu wa kiazi kimoja bila Vetrinj ni mchekeshaji tu, na Vetrinj bila kiazi ni kitabu cha historia. Soma kwa sauti nyumbani mara kadhaa ili ukifika pale usicheke kabla yao. Na usisome zaidi ya visa vinne au vitano, jua la Songea ni kali na watu wamesimama.

Kuhusu baba mkubwa, usishindane naye. Isome karatasi yake yote, usiruke hata tarehe, maana naye anaomboleza na hiyo ndiyo namna yake. Lakini usiku wa leo mpelekee chai, mwulize marehemu aliwahi kumwambia nini kilichomchekesha wakiwa vijana. Akijibu, kiandike mbele yake, na umwambie utakisoma kwa jina lake. Watani wa Kingoni nao waiteni mapema, Wahehe wa mjini wapo, na mwambieni mshereheshaji kwamba wao wana nafasi kwenye ratiba, tena kabla ya mgeni rasmi.

Na kama mzee wako bado hai, acha kusoma hapa, mpigie.

Watu wa babu wa Euclid wamefanya jambo ambalo natamani tuige. Kila Novemba 11, sikukuu ya Mtakatifu Martin, ambapo Waslovenia husherehekea divai mpya, familia yake hukutana mezani na kila mtu anakuja na kisa kimoja ambacho hakijawahi kusimuliwa. Mimi hualikwa na daftari langu. Mwaka jana yule jamaa aliyenikataa alikuwepo. Hakuniomba radhi, wala sikungoja. Zamu yake ilipofika alikaa muda anazungusha glasi, kisha akasimulia alichohadithiwa na babu mwenyewe walipokuwa wakifanya kazi kiwanda kimoja.

Siku ya kwanza ya babu kiwandani, 1949, alikuwa na neno moja tu la Kiingereza, "yes". Msimamizi akamwonyesha mashine ya kuchonga vyuma, akamuuliza kama anaijua. "Yes." Akaiwasha, ikakwama. Msimamizi akauliza kama ameiharibu. "Yes." Akauliza kama anamfanyia mzaha. "Yes." Akauliza kama anataka kufukuzwa kazi siku ileile aliyoajiriwa. "Yes," akasema babu, amesimama wima, kofia mkononi. Msimamizi alicheka hadi akaketi juu ya ndoo, akampa ufagio, na mwaka uliofuata akamrudisha kwenye mashine ileile. Alistaafu akiwa fundi mkuu wake.

Nimekiandika, na pembeni nimeweka jina la aliyekisimulia.